Beji, tanzia, video au setilaiti: kipi kithibitishe kikosi kilichopigana

Neno "kikosi" lenyewe ni mtego. Kwa Kiswahili linatosha kwa askari kumi na linatosha kwa askari mia saba, ndiyo maana sentensi kama "vikosi vya Urusi viliingia Bucha" (mji wa Ukraine) haikaguliki: haina mahali pa kushika. Anayetaka kuthibitisha aanze kwa kuchagua ngazi. Platuni ni askari 30 hivi, kombania ni 100 na ushei, batalioni 400 hadi 800, brigedi 2,000 hadi 5,000. Majeshi hutofautiana, lakini kipimo hicho kinatosha kuanzia.

Akishachagua ngazi, achague kitenzi. Kikosi kinaweza kuwa kilipangwa kwenda vitani. Kinaweza kuwa kilitumwa kikaishia kambini nyuma ya mpaka. Kinaweza kuwa kilionekana eneo la mapigano, na kinaweza kuwa kilipigana. Hayo ni madai manne tofauti, na kila chanzo tutakachokilinganisha hapa hujibu moja au mawili tu. Makosa mengi hayatokani na ushahidi wa uongo, bali ushahidi wa kweli uliobebeshwa kitenzi kisicho chake. Mwaka 2022, kwa mfano, brigedi ya Urusi ilikuwa ikitoa kundi moja au mawili ya mapigano ya ngazi ya batalioni, kila moja na watu 600 hadi 800, na wengine wakabaki kambini. Ukiona gari moja la brigedi hiyo kwenye video, umethibitisha kwamba sehemu yake ilikuwepo. Hujathibitisha brigedi nzima.

Video dhidi ya picha za setilaiti

Hizi mbili hupenda kuwekwa kundi moja kwa sababu zote ni picha. Kazi zake ni tofauti kabisa. Video ikishughulikiwa vizuri hukupa mahali kwa mita na wakati kwa saa, na ukiwa na bahati hukupa jina la kikosi. Setilaiti hukupa mahali na tarehe bila kutegemea mpiga picha mwenye upande wake, ila jina la kikosi karibu haikupi kamwe.

Kwa video, hatua ya kwanza ni kuhifadhi, kabla ya kuchambua lolote. Pakua faili lenyewe, andika kiungo, tarehe na saa ya kupakua, kisha kokotoa alama ya SHA-256 ya faili ili baadaye uweze kuonyesha kwamba halikuguswa. Weka pia nakala ya ukurasa kwenye hifadhi kama Wayback Machine, kwa kuwa machapisho ya vita hufutwa haraka. Usitegemee metadata, yaani taarifa za muda na mahali zilizomo ndani ya faili: Telegram na WhatsApp huiondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Husalia tu pale mtumaji alipoituma kama faili.

Hatua ya pili ni kutafuta nakala ya zamani zaidi. Kata fremu nne au tano zenye mandhari tofauti, uzipitishe kwenye utafutaji wa picha wa injini zaidi ya moja. Hapa ndipo video za mazoezi ya kijeshi na za vita vya miaka ya nyuma hunaswa. Angalia pia kama picha imegeuzwa kushoto-kulia. Maandishi ya vibao na upande wa usukani hulisema hilo mapema.

Kisha mahali. Tafuta angalau vitu vitatu visivyohama, tuseme mnara, mpindo wa barabara na umbo la paa, na uvilinganishe na picha za Google Earth ukirudisha tarehe nyuma, maana jengo unalolitafuta linaweza kuwa limeshabomolewa kwenye picha mpya. Kuwa mwangalifu na lenzi ya kuvuta mbali, inayofanya kilima cha kilomita tano kionekane nyuma ya nyumba ya jirani.

Wakati hupatikana kwa vivuli. Programu kama SunCalc itakuonyesha pembe ya jua, lakini wengi husahau kwamba pembe moja hupatikana mara mbili kwa mwaka: kivuli cha saa nne asubuhi mwishoni mwa Aprili kinafanana na cha katikati ya Agosti. Majani ya miti, matope na kumbukumbu za hali ya hewa ndizo zinazoamua kati ya tarehe hizo mbili.

Setilaiti za bure zina mipaka iliyo wazi. Sentinel-2 ina pikseli ya mita 10 na hurudi eneo lile lile kila baada ya siku tano hivi, mawingu yakiruhusu. Bodi ya kifaru ina urefu wa mita 7 hivi, kwa hiyo kifaru kimoja hakijazi hata pikseli. Unachokiona ni nyayo za minyororo shambani, kambi mpya na ardhi iliyoungua. Sentinel-1 ni rada, hupenya mawingu na usiku, lakini huwezi kuisoma kama picha ya kawaida. Mfumo wa FIRMS wa NASA huonyesha joto kwa mita 375 ukitumia kifaa cha VIIRS; unafaa kufuatilia mstari wa mapigano ukisogea, ila mkulima anayechoma mabua naye huonekana humo. Kutofautisha aina ya gari unahitaji picha za kibiashara za sentimita 30 hadi 50, na hizo ni za kununua.

Kwa hiyo setilaiti ni chanzo cha pili kizuri na chanzo cha kwanza kibaya. Itumie kuuliza video swali: kama video inasema msafara wa magari 40 ulilala kwenye uwanja huu tarehe 3, je, nyayo zipo kwenye picha ya tarehe 5, na hazipo kwenye ya tarehe 28 mwezi uliopita?

Beji dhidi ya chombo

Wanaoanza kazi hii hukimbilia beji za begani. Tunaelewa kwa nini, ila katika vyanzo vyote vya ulinganisho huu, beji peke yake ndiyo tunayoiamini kidogo zaidi. Huuzwa mtandaoni, huazimwa, hubadilishana mikono kama kumbukumbu, na askari aliyehamishwa huendelea kuvaa ya zamani kwa mapenzi. Mashariki mwa Kongo sare imekuwa kiashiria chepesi mno: wapiganaji wa M23 wameonekana na sare na zana zinazofanana na za jeshi la Rwanda, kwa hiyo anayedai "sare mpya, basi ni fulani" hajathibitisha kitu. Crimea mwaka 2014 tatizo lilikuwa kinyume: askari hawakuwa na beji kabisa, na Putin alikiri Aprili mwaka huo kwamba walikuwa wake.

Chombo, yaani gari au mtambo wa kivita, ni shahidi mgumu zaidi kumnunua. Namba ya bodi, namba ya usajili wa kijeshi, alama za usafirishaji wa reli, kovu la kugongwa: hivi haviwekwi kwa ajili ya kamera. Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni mtambo wa makombora wa Buk ulioidungua ndege ya abiria ya MH17 tarehe 17 Julai 2014, wakafa watu 298. Wachunguzi wa mtandaoni wa Bellingcat, na baadaye timu ya pamoja ya wapelelezi wa nchi tano, walilinganisha mtambo ulioonekana Donbas, mashariki mwa Ukraine, na uliorekodiwa kwenye msafara kutoka Kursk, Urusi, mwezi Juni. Namba ya katikati ilikuwa imefutika, ikabaki 3 na 2 pembeni. Lakini mipasuko ya kinga ya pembeni juu ya mnyororo, mpangilio wa magurudumu na mabaki ya maandishi vilifanya kazi kama alama za vidole. Mei 2018 timu hiyo ilitangaza kwamba mtambo ulitoka Brigedi ya 53 ya ulinzi wa anga, Kursk. Ni karibu miaka minne tangu tukio.

Chombo nacho kina udhaifu wake: huhamishwa. Pale zana inapokuwa adimu, aina yake peke yake hukaribia kuwa sahihi ya kikosi. Vifaru 31 vya Abrams ambavyo Marekani iliipa Ukraine mwaka 2023 vilikwenda kwa Brigedi ya 47, kwa hiyo Abrams kwenye video ya mapema 2024 ilikuwa ushahidi mzito. Magari ya Stryker ni hadithi nyingine. Katikati ya 2023 watu walizoea kuyasoma kama Brigedi ya 82. Baadaye brigedi nyingine nazo zikawa nayo, na tabia hiyo ya kusoma ikaanza kuzaa makosa. Kanuni yetu: aina ya chombo ina tarehe ya mwisho ya kutumika, namba ya chombo ina maisha marefu zaidi.

Alama kubwa zilizopakwa rangi, kama Z, V na O za Urusi mwaka 2022, ziweke kando kabisa kwa kazi hii. Hazitaji brigedi wala rejimenti.

Tanzia dhidi ya amri ya kutunuku

Hapa ndipo jina la kikosi hupatikana kwa uhakika zaidi, na ndipo subira inapohitajika.

Tanzia za magazeti ya mitaa, kurasa za halmashauri, shule na VKontakte (mtandao wa kijamii wa Urusi) hutaja jina, umri, cheo, na mara nyingi kikosi au namba yake ya tarakimu tano. Mediazona, tovuti ya habari ya Kirusi, na idhaa ya Kirusi ya BBC wamejenga kwa njia hii orodha ya wanajeshi wa Urusi waliokufa iliyopita majina 100,000, jina kwa jina. Mahali pa kutazama si tanzia tu: mashada ya maua makaburini yana utepe wenye jina la kikosi, bendera za matawi ya jeshi husimamishwa juu ya kaburi, na shule za Urusi huweka dawati lenye picha na wasifu wa aliyesoma hapo. Kesi za utoro kazini chini ya kifungu cha 337 cha sheria ya jinai ya Urusi nazo hutaja vikosi, pale mahakama inaposahau kuficha.

Mitego mitatu hujirudia. Picha ya marehemu mara nyingi ni ya utumishi wa lazima, miaka mingi kabla ya vita, na beji iliyo begani ni ya kikosi alichokiacha zamani. Pili, tanzia inataja kikosi bila kutaja mahali. "Alikufa akitimiza wajibu" inaweza kuwa popote kwenye mstari wa kilomita elfu moja. Tatu, askari mmoja mmoja hukopeshwa kwa vikosi vingine, hivyo tanzia moja ya brigedi fulani karibu na mji fulani ni dalili, tanzia tano ndani ya wiki mbili ni kitu cha kuandika.

Amri ya rais ya kutunuku kikosi ni kinyume cha tanzia: inatoka juu, ina tarehe, ina jina kamili la kikosi, na haibishaniwi. Aprili 18, 2022 Putin aliipa Brigedi ya 64 ya Urusi hadhi ya "Walinzi", wiki mbili hivi baada ya Ukraine kuituhumu kwa mauaji ya Bucha. Amri ikasifu ushujaa bila kusema wapi. Mwezi Agosti 2014 divisheni ya 76 ya askari wa miavuli ya Pskov ilitunukiwa Nishani ya Suvorov, na mwezi huo huo makaburi mapya ya askari wake yakaonekana nje ya mji, wakati Moscow ikikana kuwa na jeshi Ukraine. Amri peke yake isingethibitisha. Makaburi peke yake yangepingwa. Vikikaa pamoja, vikipishana kwa siku chache na vikitoka kwa watu wasioshauriana, ni vigumu kuvikwepa.

Tangu Mei 2015 Urusi inahesabu vifo vya askari kwenye operesheni maalumu wakati wa amani kuwa siri ya taifa, na tangu 2019 sheria inawazuia askari kutumia simu za kisasa na kuchapisha kuhusu kazi. Vyanzo vya aina hii hupungua kadiri vita vinavyoendelea. Chukua nakala mapema.

Mateka na nyaraka

Mateka anasema jina la kikosi chake kwa mdomo wake, na hilo linavutia. Mkataba wa tatu wa Geneva, kifungu cha 17, unamlazimu kutaja majina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya utumishi tu. Zaidi ya hapo, anayezungumza mbele ya kamera ya aliyemkamata hazungumzi kwa uhuru, na kifungu cha 13 kinakataza kumgeuza maonyesho. Yatumie maneno yake kama njia ya kuelekea ushahidi mwingine. Askari kumi wa miavuli wa Urusi waliokamatwa karibu na Zerkalne, Ukraine, Agosti 2014 walitaja rejimenti ya 331 ya divisheni ya 98. Kilicholipa dai lao uzito ni kwamba Urusi yenyewe ilikubali ni askari wake, ikasema tu walivuka mpaka kwa bahati mbaya. Kukiri nusu namna hiyo ni dhahabu.

Nyaraka nazo zinaweza kuwa halisi na zikadanganya. Januari 2025 Ukraine ilionyesha askari wawili wa Korea Kaskazini waliokamatwa Kursk. Mmoja alikuwa na kitambulisho cha kijeshi cha Urusi chenye jina la mtu mwingine, kikimwonyesha kama mkazi wa Tuva, jimbo la Urusi. Anayeangalia karatasi tu angeandika askari wa Kirusi. Moscow na Pyongyang zilikiri kuwepo kwa askari hao Aprili mwaka huo.

Orodha za majina zinazotangazwa na idara za ujasusi wakati wa vita, kama ile ya watu wapatao 1,600 wa Brigedi ya 64 iliyotolewa na Ukraine mwanzoni mwa Aprili 2022, ni daftari la kikosi. Aliyeacha kazi zamani anaweza kubaki humo, na aliyeajiriwa jana akakosekana. Inafaa kuulizia "je, mtu huyu aliwahi kuwa wa kikosi hiki?", haifai kuulizia "nani alikuwa mtaani siku ile?"

Swali hilo la pili lilijibiwa kwa Bucha na New York Times Desemba 2022, kwa njia nyingine: video za mtaa wa Yablunska, alama za magari, na simu za watu waliouawa ambazo askari walizitumia kupiga nyumbani. Kikosi kilichotambuliwa kwenye mtaa huo kilikuwa Rejimenti ya 234, ya divisheni ile ile ya Pskov. Matokeo hayo hayaifuti Brigedi ya 64. Mji mmoja unaweza kupita mikono ya vikosi kadhaa ndani ya wiki nne. Yanaonyesha kwa nini dai liandikwe kwa mtaa na tarehe.

Ripoti za wataalamu dhidi ya orodha za mtandaoni

Ramani na orodha za vikosi zinazosasishwa kila siku mtandaoni ni rahisi kutumia na ni hatari kwa sababu moja: zinanakiliana. Fuata kila rejea hadi mwanzo wake. Tatu zikiishia kwenye chapisho moja la Telegram, una chanzo kimoja.

Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo lina utaratibu unaofaa kuigwa hata na mtu mmoja: pale wasipoweza kushuhudia wenyewe, hutaka angalau vyanzo vitatu huru na vya kuaminika. Kwa utaratibu huo ripoti yao ya katikati ya 2024 ilikadiria askari 3,000 hadi 4,000 wa jeshi la Rwanda mashariki mwa Kongo. Kigali imekuwa ikisema hatua zake ni za kujilinda. Udhaifu wake ni kuchelewa, na mara nyingi inakupa jeshi na makamanda kabla ya kukupa batalioni.

Kwa makundi yasiyo na muundo wa kawaida, acha kutafuta namba ya kikosi na umtafute kamanda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilifanya hivyo Libya: hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli wa Brigedi ya Al-Saiqa, Agosti 2017, ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya video za mitandaoni zilizomwonyesha, kwa mauaji ya watu 33. Njia hiyo ndiyo inayofaa pia kwa video ambazo wapiganaji wa RSF, kundi lenye silaha la Sudan, walijirekodi El Fasher baada ya mji kuanguka Oktoba 26, 2025.

| Chanzo | Jina la kikosi | Mahali | Muda hadi kipatikane |
|---|---|---|---|
| Video | mara chache | bora kabisa | saa hadi siku |
| Setilaiti | karibu hapana | vizuri | siku |
| Beji | ndiyo, kwa mashaka | hapana | saa |
| Namba ya chombo | vizuri | kupitia video tu | wiki hadi miaka |
| Tanzia | vizuri sana | dhaifu | wiki hadi miezi |
| Amri ya kutunuku | bora kabisa | hapana | miezi |
| Mateka, nyaraka | ndiyo, kagua | wastani | siku |

Ukitazama safu mbili za katikati utaona chaguo linajipanga: chukua kimoja chenye nguvu kwenye jina na kimoja chenye nguvu kwenye mahali. Video yenye namba ya chombo pamoja na tanzia kadhaa ndiyo jozi tunayoipendekeza kwa anayeandika historia au makala ya rejea. Kwa habari ya leo usiku, video iliyopatikana mahali pake inatosha, na jina la kikosi liachwe hadi namba ipatikane. Kwa kesi ya mahakamani, anza na Itifaki ya Berkeley, mwongozo wa kuchunguza kwa vyanzo vya wazi vya kidijitali, iliyozinduliwa Desemba 2020 na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha California. Ushahidi mzuri uliohifadhiwa ovyo unaweza kuishia mlangoni mwa mahakama.

Dai lenyewe liandikwe na sehemu tano: ngazi, kitenzi, mahali, tarehe, na kiwango cha uhakika. "Angalau kombania moja ya Brigedi A ilionekana kwenye daraja la kusini la mji B, kati ya tarehe 4 na 6, imethibitika kwa magari mawili yenye namba zinazosomeka, kushiriki mapigano: kuna dalili tu." Iwapo vikosi vinavyotajwa bado viko uwanjani, chelewesha mahali halisi. Majina ya askari wa ngazi ya chini na ya familia zilizoandika tanzia yabaki kwenye daftari lako. Weka pembeni tarehe ya kukagua upya, miezi sita mbele, kwa kuwa tanzia na amri za nishani huwa bado hazijatoka wakati video inapochambuliwa, na "dalili tu" nyingi hubadilika kipindi hicho, kwa upande huu au ule.